Jogoo wa Medali

"Tumefunga. Mpira ni saa kumi."

Hope alisema hivyo bila kuinua kichwa. Alikuwa akifagia maganda ya njugu chini ya viti vya ukumbi wake wa video, nyumba ndefu ya mabati nyuma ya stendi ya bodaboda ya Kawangware.

"Hatujaja kuona mpira," Konstebo Mburu alijibu akiwa mlangoni. "Tumekuja kwa sababu ya mbio."

Ufagio ulisimama. Hope alimtazama Mburu, kisha akamtazama mwanamke mfupi aliyesimama nyuma yake, mwenye koti la kijivu na viatu vyenye matope.

"Ni story ya Urbanus."

"Ni hiyo," alisema Inspekta Kanini. "Alikuwa hapa Jumapili?"

"Alikuwa hapa. Nyinyi mmechelewa hata. Mama yake amekuja mara mbili kuniomba niende polisi, nikamwambia polisi wakitaka watakuja."

Kanini aliingia na kukaa kwenye kiti cha mbele. Hakuwa na muda mwingi. Urbanus Muia, fundi wa mbao, alikuwa seli tangu jioni ya Jumapili, na kesho asubuhi angepelekwa mahakamani kwa shtaka la kumuua Shivachi, kocha wa mdogo wake, Kevin. Mkubwa wa kituo alitaka jambo hilo liwe limekwisha kabla ya ndege ya Kevin kutua, kwa maana waandishi wa habari wangejaa uwanjani. Kevin Muia alikuwa kijana wa kwanza wa mitaa hii kukimbia fainali ya mita mia moja ya wanaume katika mashindano ya dunia. Kocha aliyemfundisha aliuawa jioni ileile ya fainali.

"Nieleze Urbanus alivyoangalia mbio."

"Hakuangalia." Hope alinyoosha kidole kwenye kona. "Alisimama pale, uso kwa mabati, macho amefunga. Nikamwambia, wewe umeingia kuangalia ukuta? Akasema akiangalia, Kevin huanguka. Ati alianguka mara moja shuleni akimwangalia, tangu hiyo siku haangaliangi."

"Halafu?"

"Bunduki ikalia. Kwanza sikuona kitu, watu wote walisimama. Halafu ubao ukaandika: tatu, Muia. Wa tatu, madam! Shaba! Tulimbeba Urbanus juu juu. Unaona ile tube ya taa? Aliivunja na kichwa, na hakuna mtu alimdai."

Kanini aliinua macho. Juu ya viti vya katikati, tube ya taa ilikuwa imebaki vipande viwili vilivyoning'inia kwenye waya.

"Alikaa mpaka lini?"

"Mpaka walipobadilisha." Sauti ya Hope ilishuka. "Timu ya yule wa nne ilikata rufaa. Majaji wakaenda kuangalia tena picha ya mstari wa mwisho, ikachukua karibu nusu saa. Sisi hatukujali, tulikuwa tunaimba. Urbanus alikuwa bado kwa mabega ya watu wakati jina lilishuka. Wa nne. Hata kumshusha walisahau, akajishusha mwenyewe. Akasema, 'Naenda kwa mzee Shivachi.' Akachukua pikipiki hapo nje."

"Alikuwa na hasira?"

Hope alifikiri. "Alikuwa kimya. Kila mtu alikuwa kimya. Mtu akinyamaza nitajuaje ni hasira ama ni huzuni?" Alimtolea simu yake, akamwonyesha video: mabega, mikono, vumbi, na katikati yake mwanamume mwenye vumbi la mbao kwenye nywele akilia na kucheka kwa pamoja. "Nimemsaidia?"

"Umesema ukweli."

"Hujanijibu, madam."

Kanini aliomba video hiyo itumwe kwenye simu yake, akashukuru, akatoka.

Nje, Mburu alisubiri bodaboda tatu zipite. "Huyo amemmaliza kabisa," alisema. "Tulijua aliondoka baada ya matokeo kubadilika. Sasa tuna shahidi. Mdogo wake amenyang'anywa medali, amepanda pikipiki akaenda kumlaumu kocha. Pasaka walikosana mbele ya watu, Urbanus akitaka Kevin aache mbio aje karakana. Amekutwa juu ya mwili na damu mikononi. Na kilichomuua mzee ni kibao cha kuanzia mbio, ambacho Urbanus mwenyewe alikitengeneza."

"Nani anasema kocha alikuwa hai baada ya matokeo kubadilika?"

"Isaac. Mpwa wake."

"Na nani mwingine?"

Mburu alifunua daftari lake mpaka ukurasa wa mwisho, akalirudisha mfukoni.

"Basi twende Mashimoni," Kanini alisema. "Nataka kukiona kile chumba cha kocha tena."

*

Hema la matanga lilikuwa limefungwa kwenye nguzo za nyumba, likaziba nusu ya njia. Wanawake wa kanisa walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini. Picha ya Shivachi ilikaa kwenye meza yenye kitambaa cheupe: mzee mwenye kofia, filimbi shingoni, mdomo umelegea upande mmoja.

Isaac alikuwa amekaa karibu na picha. Alikuwa kijana mrefu, mwenye jezi ya klabu iliyopauka, na kifundo cha mkono wa kulia kilifungwa kitambaa. Aliinuka alipowaona na akaja akichechemea.

"Madam. Mnatuletea ruhusa ya mwili? Watu wa nyumbani Kakamega wanauliza."

"Bado. Tunaingia ndani kidogo. Usiende mbali."

Kanini alikata utepe wa polisi mlangoni. Harufu iliwapokea kabla ya giza kuzoeleka. Mburu aliziba pua kwa kiwiko.

Chumba kilikuwa kimoja. Kitanda, jiko la makaa, redio, viatu vya kukimbilia vilivyoning'inizwa ukutani kwa kamba zake. Wenzao wa uchunguzi walichukua kibao, wakachukua mkeka wenye damu, wakaacha vingine vyote. Karibu na jiko palikuwa na beseni la plastiki. Ndani yake, katika maji meusi, alilala jogoo mwekundu mwenye manyoya yote mwilini. Shingo yake ilikuwa imekatwa.

"Ripoti inasema chakula cha jioni," Mburu alisema kwa pua iliyozibwa.

Kanini alichuchumaa. Alivuta unyoya mmoja wa kifuani. Ulitoka na kipande cha ngozi, laini kama karatasi iliyolowa. Alivuta mwingine, ngozi ikatoka tena.

"Umewahi kunyonyoa kuku?"

"Mimi? Mama yangu anauza mayai tu, afande."

"Unamtia kwenye maji moto, unamgeuza, unamtoa. Ukimwacha, ngozi inaiva na kuraruka. Nyumbani Kitui, ukimsahau ndani ya maji ulikuwa unachapwa." Aliinuka. "Niitie yule jirani anayeuza maji."

Kageha aliingia akijifuta mikono kwenye leso. Alikuwa mama wa makamo, aliyeishi mlango kwa mlango na marehemu miaka mingi. Alipoona beseni alikaa juu ya kitanda bila kukaribishwa.

"Woi. Medali."

"Medali?"

"Ndilo jina lake. Watoto ndio walimpa. Huyo si kuku wa kula jioni, mama. Alikuwa analala chini ya hiki kitanda kama mpangaji, na kelele yake asubuhi tulishindwa kumshtaki." Alijaribu kucheka. "Shivachi aliweka ahadi mbele ya mchungaji. Alisema damu ya huyu jogoo haitamwagika mpaka kijana wake alete medali. Krismasi ilipita tukila sukuma wiki, na jogoo anatuangalia."

"Angeweza kumchinja kwa ajili ya nafasi ya nne?"

"Ya nne? Angemwongezea mahindi, amwambie angoje mwaka ujao."

"Kama wangekuwa na njaa?"

"Mimi nina sufuria ya githeri hapo nje. Hata Shivachi angekufa njaa..." Alisikia alichosema, akaziba mdomo kwa leso.

Kanini alimgeukia Mburu. "Fuata hatua kwa hatua. Alimchinja lini?"

"Kevin alipokuwa wa tatu," Mburu alisema polepole. "Kabla ya rufaa kuamuliwa. Baadaye hakungekuwa na sababu."

"Akamtia kwenye maji moto na hakumtoa. Nani humwacha kuku hivyo?"

"Mtu aliyekufa."

"Na wakati huo Urbanus alikuwa wapi?"

Mburu aliushusha mkono kutoka puani. "Alikuwa akivunja taa ya Hope na kichwa."

Kageha aliwatazama mmoja mmoja. "Mnasema si Urbanus, yule kijana wa Kavindu?"

"Jumapili ulikuwa wapi watu waliposhangilia?"

"Barabarani, tunapiga sufuria. Mashimoni yote ilikuwa nje. Nani angesikia kuku? Nani angesikia mtu?"

"Mama Kageha, mkono wa kushoto wa mzee ulikuwaje?"

"Mkono gani? Tangu apatwe na stroke mwaka jana, haukuwa mkono. Vifungo vya shati nilimfungia mimi. Kitunguu nilimkatia mimi."

"Jogoo mkubwa kama huyu, angemchinja peke yake?"

Kageha alimpima jogoo kwa macho. Nje, wanawake walimaliza wimbo mmoja na kuanza mwingine.

"Hapana," alisema. "Lazima mtu ashike miguu."

"Isaac alikuwa naye?"

"Walikuwa wanasikiza redio pamoja. Isaac hakutoka kucheza na sisi. Nilidhani anamchunga mzee." Aliangalia beseni tena, na uso wake ukabadilika. "Huyo jogoo, mama, alikuja na Isaac. Alikuwa kifaranga. Alimbeba kwa kikapu kutoka nyumbani, mama yake alimpa. Wakati huo Isaac ndiye alikuwa anakimbia. Kevin alikuwa wa kubeba maji. Halafu Isaac akaumia mguu."

*

Walimkalisha palepale kitandani. Kanini aliuacha mlango wazi nusu, na Kageha alisimama nje yake kuzuia watu.

"Niambie tena mambo ya Jumapili."

"Nimeandikisha kila kitu, madam."

"Nataka kusikia."

"Tulisikiza redio. Akawa wa tatu, anko akafurahi. Halafu wakasema wa nne, akalia. Nikaenda kuchaji simu kwa kinyozi. Kurudi, nikampata huyo jamaa juu yake."

"Kuku alichinjwa kabla ama baada?"

Isaac hakulitazama beseni. Hakuwa amelitazama tangu aingie.

"Baada," alisema. "Tulikuwa na njaa."

Mlangoni, Kageha alitamka jina lake tu. "Isaac." Aliliita kama mtu anayemwita mtoto aondoke kwenye moto.

"Mkono umefanya nini?" Kanini aliuliza.

"Mabati yalinikata."

"Fungua."

Alifungua taratibu. Kwenye kifundo palikuwa na shimo dogo lenye kina, lililoanza kutunga usaha, na juu yake mikwaruzo mitatu iliyokwenda sambamba.

"Mabati hukata," Kanini alisema. "Hayadungi. Huo ni mwiba wa mguu wa jogoo."

Isaac alikitazama kifundo chake kwa muda, kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Nilishika vizuri," alisema hatimaye. "Yeye ndiye alikata vibaya, kisu kilikuwa kwa mkono mmoja. Ndio akanirukia."

Mburu alihama kwenda mlangoni. Kanini hakusogea.

"Endelea."

"Mama aliniambia siku nikishinda, tumchinje mimi na anko. Nilimlisha mimi. Hata nikiwa na plasta mguuni nilikuwa natambaa kumpa maji. Jumapili akaniambia, 'Isaac, leta, shika miguu.' Nikaleta. Nikashika. Nikamtia kwa maji. Alikuwa anacheka, madam, anacheka na ule mdomo wake wa upande mmoja. Akasema, 'Mgeuze polepole, usimharibu jogoo wa Kevin.'"

Nje waliimba ubeti mzima.

"Wa Kevin," Isaac alisema. "Na kibao kilikuwa hapo. Kilikuwa changu kabla kiwe chake."

"Halafu?"

"Halafu nikakaa. Huko nje walikuwa wanacheza. Nikangoja waache, hawakuacha. Nikatoka nikazunguka huko reli. Niliporudi kulikuwa kimya, na Urbanus alikuwa ndani amemshika, anasema, 'Mzee, amka, si kitu, mwaka ujao.'"

"Na wewe ukapiga kelele."

"Nilipiga tu kelele. Watu wakakuja, wakauliza nani. Walimwona na damu." Aliinamisha kichwa. "Sikusema ni yeye. Nilinyamaza, ikaenda hivyo. Kwa statement ya polisi ndio nilisema ni yeye."

"Wangemchoma moto, Isaac. Polisi wangechelewa kidogo tu, wangemchoma."

"Najua. Nilikuwa nimesimama hapo."

Hakukuwa na swali jingine. Mburu alitoa pingu, kisha akalitazama hema kupitia mlango: vijana waliosimama pembeni, mawe ya njia, petroli ya bodaboda. Alivua jaketi lake, akafunga pingu, akalitupa jaketi juu ya mikono ya Isaac.

"Tembea kawaida," Kanini alimwambia. "Mama Kageha, tunaenda naye kuandika ruhusa ya mwili. Umenisikia?"

Kageha alikuwa analia bila sauti. Aliitikia kwa kichwa.

Walipita katikati ya waombolezaji. Njia ilikuwa nyembamba, na kila aliyekaa pembeni aliinuka kumgusa Isaac begani. "Pole sana, kijana." "Jikaze." Mchungaji alimwekea mkono kichwani, akamwombea nguvu mpaka mwisho, nao wote watatu walilazimika kusimama wakingoja amina.

*

Kavindu, mama yake Urbanus na Kevin, alikuwa kwenye benchi la kituo, mahali palepale alipokuwa akija kukaa tangu Jumatatu, na kontena la chakula likiwa mapajani. Urbanus alipotokea kwenye korido, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mama hakupiga kelele. Alifungua kontena, akampa kijiko.

"Kula kabla hakijapoa," alisema, ingawa chakula kilikuwa kimepoa tangu asubuhi.

Urbanus alikula akiwa amesimama. Jicho lake moja lilikuwa bado limefumba kwa vipigo vya Jumapili. Katikati ya kula aliuliza, "Ni nani?"

"Kula kwanza," Kanini alisema.

Simu ya Kavindu ililia. Mama aliangalia jina, akamkabidhi Kanini. "Ni Kevin. Yuko njiani, kwa uwanja wa kubadilisha ndege. Mwambie wewe, mimi sitaweza."

Kanini alisogea dirishani.

"Kevin, mimi ni Inspekta Kanini. Ndugu yako ametoka. Hakuhusika. Yuko hapa na mama, anakula."

Upande wa pili kulisikika matangazo ya safari kwa lugha ya kigeni, kisha pumzi ndefu.

"Asante, afande. Asante." Sauti ilikuwa ya kijana mdogo kuliko alivyoonekana kwenye televisheni. "Naeza kuuliza kitu kimoja? Kocha... alikufa akijua mimi ni wa ngapi?"

"Wa tatu. Alikufa kabla hawajabadilisha."

"Hunidanganyi?"

"Alikuwa ameshamchinja Medali."

Alisikia kitu kati ya kicheko na kilio. "Aki mzee! Alimchinja kweli? Alisema atamchinja, nikamwambia jogoo atamshinda nguvu." Alivuta kamasi. "Lakini na ule mkono? Peke yake haezi."

Kanini aligeuka kutoka dirishani. Kwenye meza ya mapokezi, Isaac alikuwa ameinama anavua mkanda na kiatu kimoja kama alivyoagizwa, na Mburu alikuwa anamsaidia kwa sababu ya pingu.

"Ni Isaac alimshikia," Kevin alisema, na sauti yake ikalainika. "Lazima ni Isaac. Basi afadhali. Siku hizi mbili sijalala, nafikiria mzee alikufa bila mtu wake. Kumbe Isaac alikuwa hapo." Matangazo yalipita tena juu ya maneno yake. "Afande, ukimwona mwambie nakuja kwake kwanza, kabla ya nyumbani. Viatu vyangu vya spaiki vya fainali nimemwekea yeye. Mguu wake unapona, atakimbia tena."

Kijiko cha Urbanus kilikuwa kimesimama. Kavindu alikuwa anautazama uso wa Kanini.

"Kevin," Kanini alisema, "hapo ulipo, uko na nani?"